Nyuma ya Sheli, Mkabala na Msikiti: Utangulizi wa Elimu ya Kutafutwa na Kupatikana

Mtu ameshuka daladala Mwenge, kioo cha simu yake kimepasuka. Anaandika kwenye simu hiyohiyo yenye ufa: "fundi simu Mwenge". Kabla hajavuka barabara, analetewa ramani ndogo na majina matatu. Mafundi simu wa Mwenge hawahesabiki, wengine wana fremu, wengine meza na mwavuli. Kwa nini wametajwa hawa watatu? Nani kawachagua? Na yule fundi hodari aliye ghorofa ya pili, ambaye mafundi wenzake humpelekea kazi zilizowashinda, mbona hayumo?

Elimu ninayoitambulisha hapa ipo kwa ajili ya maswali hayo. Naiita elimu ya utafutaji wa mahali: namna watu wanavyotumia intaneti kutafuta huduma iliyo karibu nao, namna mitambo inavyoamua nani aonekane, na namna mwenye biashara ndogo anavyoweza kuusimamia mwonekano wake bila kuajiri mtu wa kompyuta. Karibu. Huhitaji hesabu za juu wala kujua kuandika programu. Anayejua biashara ya mtaani inavyokwenda tayari ana nusu ya mtaji wa kuingia humu, na mara nyingi anawazidi waliosomea teknolojia tu.

Niseme mapema jambo moja. Wapo watu wanaopita madukani wakiahidi kwamba kwa laki kadhaa watakuweka "nafasi ya kwanza Google". Kampuni ya Google yenyewe inasema nafasi kwenye matokeo hayo ya ramani haiuzwi wala haiombwi. Kinachouzwa ni matangazo, nayo huwekewa alama kwamba ni matangazo. Pia neno "ya kwanza" halina maana mpaka useme ni ya kwanza kwa nani, akiwa amesimama wapi. Nitalirudia hilo mbele kidogo.

Wengi hudhani elimu hii ilizaliwa Februari 2005, Google ilipotoa ramani zake. Mizizi yake imekwenda chini zaidi. Mwaka 1929 mchumi Harold Hotelling aliuliza kwa nini wauzaji wawili wa bidhaa moja kwenye barabara moja huishia kukaa jirani badala ya kugawana barabara. Mwaka 1933 Mjerumani Walter Christaller akaeleza kwa nini bidhaa za kila siku huuzwa kila kijiji na bidhaa adimu huuzwa mjini tu. Mwaka 1961 George Stigler akaja na wazo ambalo leo linaonekana la kawaida, ingawa wachumi walikuwa wamelipuuza: kutafuta kuna gharama. Mnunuzi hajui nani anauza kwa bei gani, na kila mlango anaobisha unamlia muda na nauli. Ndiyo maana, alisema, masoko ya kale yaliwakusanya wauzaji mahali pamoja. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa hilo darasani. Anajua nguo ziko Mtaa wa Kongo na vipuri vya magari viko Gerezani, na mwenzake wa Nairobi anajua redio na spika ziko Luthuli na mitumba iko Gikomba. Mtaa mzima umekuwa jibu la swali.

Msomi ninayempenda zaidi katika safu hii ni Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, aliyechunguza soko la mji wa Sefrou nchini Moroko na kuandika makala yake mashuhuri mwaka 1978. Hoja yake ni kwamba sokoni kilicho adimu kuliko bidhaa ni habari: nani ana mali safi, nani anapunguza bei, nani ni tapeli. Kutafuta habari hizo ndiyo shughuli kuu ya soko. Watu huzitafuta kwa njia mbili, kupatana bei kwa kina na kujenga ukaribu wa kudumu kati ya mnunuzi na muuzaji. Hiyo ya pili ndiyo inayomfanya mama wa vitenge Kariakoo akuite "mteja wangu" hata kama umenunua mara moja. Akikuona tena anakuokolea safari, nawe unamwokolea kazi ya kumshawishi mgeni.

Sasa fikiria simu inapoingia hapo katikati. Mgeni asiye na "mteja wangu" hata mmoja mjini anaweza kupata kwa dakika moja habari ambazo mwenyeji alizikusanya kwa miaka. Anachopewa, hata hivyo, si ukaribu wa muuzaji na mnunuzi. Anapewa ushahidi wa watu asiowajua, umepimwa na mtambo usiowahi kukanyaga soko hilo. Hapo ndipo penye kiini cha elimu hii, na ndipo wazo moja ninaloomba msomaji aondoke nalo: mtambo haujui duka lako. Unajua tu waliyoyasema mashahidi. Mwenye duka ni shahidi, mteja aliyeandika maoni ni shahidi, ramani ni shahidi, ukurasa wa Instagram ni shahidi, hata simu za wapita njia zinazoonyesha eneo lina watu saa ngapi ni mashahidi. Mashahidi wakikubaliana, mtambo unakuwa na ujasiri wa kukutaja. Wakipingana, unamtaja jirani yako.

Na kupingana kwenyewe huwa kwa mambo madogo. Bango lina jina moja. Instagram ina jina jingine lenye herufi za kupendeza. Risiti ya mashine ina jina la tatu, lile lililosajiliwa wakati wa kuomba namba ya mlipakodi. Mteja akilipa kwa lipa namba, linatokea jina la shemeji. Binadamu anayasamehe haya yote kwa sababu anamwona muuzaji usoni. Mtambo unaona biashara nne.

Google inataja vigezo vitatu vya kupanga matokeo ya karibu. Cha kwanza ni kuoana kwa swali na huduma: umeuliza fundi simu, je, biashara hii imejitambulisha kuwa ya matengenezo ya simu au duka la vifaa tu? Cha pili ni umbali kati ya aliyeuliza na biashara. Cha tatu ni umashuhuri, yaani biashara inatajwa kiasi gani, ina maoni mangapi na ya namna gani. Umbali ndio unaolivunja lile neno "ya kwanza". Saluni ya Tabata inaweza kuongoza kwa aliyesimama Tabata Relini na isionekane kabisa kwa aliyeko Ubungo, na hakuna fundi wa kompyuta atakayelibadili hilo. Tena nafasi zenyewe ni chache. Hadi Agosti 2015 orodha ile ya juu ilikuwa na majina saba. Ikapunguzwa yakabaki matatu. Anayeshika nafasi ya nne leo ni lazima mtu abonyeze ndipo amwone, na wengi hawabonyezi.

Vigezo hivyo vilitungwa na watu walioishi katika miji ambamo kila mlango una namba. Kwetu ni tofauti, na sehemu hii ndiyo inayonivutia kuliko zote.

Kwa miongo mingi anwani rasmi ya biashara ya Tanzania ilikuwa S.L.P. Sanduku la posta linaonyesha barua inapoishia. Kuhusu mlango wa duka halisemi kitu. Mlango tuliuelekeza kwa mdomo: shuka kituoni, ingia na barabara ya vumbi, pita sheli, nyuma yake kuna msikiti, mkabala na msikiti uliza. Mfumo huu una ustadi wake. Unategemea vitu vinavyoonekana na unamalizia kwa binadamu wa kuulizwa. Majina yake pia hudumu kuliko vitu vyenyewe. Mwanamuziki Remmy Ongala alifariki Desemba 2010, lakini kituo cha Sinza kwa Remmy kipo, na mtu akitafuta duka la dawa sehemu ile ataandika "kwa Remmy", hataandika jina la barabara.

Serikali imejaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 2022 nchi nzima ilipita katika Operesheni ya Anwani za Makazi, kabla ya sensa ya Agosti 23, na nyumba nyingi zikapata namba, mitaa ikapata vibao. Kabla ya hapo, wanafunzi na wakazi walikuwa wameshaanza kuchora wenyewe. Tandale ilichorwa mwaka 2011, na tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ukaendelea na kata nyingine za Dar es Salaam, lengo kubwa likiwa mafuriko, kwa kutumia ramani ya wazi ya OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Nairobi ilitangulia: Kibera, iliyokuwa kama eneo tupu kwenye ramani, ilichorwa na vijana wake kuanzia 2009. Ramani zilizochorwa kwa ajili ya mitaro na visima zimewasaidia pia wenye maduka, jambo ambalo wengi wao hawalijui.

Iko pia njia ya msimbo wa mahali, Plus Codes. Dunia imegawanywa katika vyumba vidogo, na karibu na ikweta kama tulipo sisi, chumba kimoja cha msimbo wa kawaida kina upande wa mita kama 14. Kinatosha kutofautisha fremu yako na baa ya jirani. Msimbo hauna irabu, makusudi, usije ukaunda neno la aibu kwa bahati mbaya. Naupenda, lakini sijaona mteja anayemwambia dereva wa bodaboda msimbo. Humwambia "nyuma ya sheli". Kwa hiyo fanya vyote viwili: alama kwenye ramani iwe juu ya mlango hasa, isiwe katikati ya barabara wala uani, na yale maelekezo ya mdomo yaandikwe kwenye maelezo ya biashara, ambako Google inaruhusu hadi herufi 750. Andika jina la kituo kama makondakta wanavyolitaja.

Kutoka kwenye ramani tuje kwenye fomu, maana mwonekano wa biashara ndogo huanza kwa fomu ya wasifu wa Google, ya bure na ya dakika ishirini. Sitaipitia kisanduku kwa kisanduku. Sura za kitabu hiki zitafanya hivyo. Natazama kimoja tu kwa karibu: saa za kazi.

Fomu ile imetengenezwa na watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Mwenye saluni anayefungua saa 3 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, akijaza 3 na 12 kama alivyozoea, ameitangazia dunia kwamba anafungua saa tisa usiku, majogoo bado wamelala, na kufunga saa sita mchana. Mteja anatafuta saa nane mchana, anasoma kwa maandishi mekundu kwamba pamefungwa, anakwenda kwingine. Mwenye saluni amekaa mlangoni anashangaa biashara imekuwa ngumu. Alipaswa kuandika 9:00 na 18:00. Kosa hili lina madhara kuliko linavyoonekana, kwa kuwa tangu mwishoni mwa 2023 wataalamu wa fani wameona kwamba kuwa wazi wakati mtu anatafuta kumekuwa na uzito mkubwa katika kupangwa juu. Mahesabu hayo yafanywe upya Ramadhani inapoingia na mgahawa unapohamia futari, siku za Idi na Krismasi, na kwa wanaofunga kwa muda wa sala ya Ijumaa. Fomu ina sehemu ya saa maalumu; ni watu wachache wanaoigusa.

Mengine nayapita haraka. Jina liwe lile la bango, bila kuongezwa maneno kama "bei nafuu bora Dar", kwani kanuni zinakataza na wasifu unaweza kufungiwa. Aina ya biashara iwe mahususi kadiri inavyowezekana. Fundi bomba au mpishi wa shughuli anayewafuata wateja majumbani anaruhusiwa kuficha nyumba yake na kutaja maeneo anayohudumia. Namba ya simu iwe moja, ya kudumu. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo bando la bei rahisi si sababu tena ya kubadili namba iliyo kwenye bango, kwenye ramani na kwenye simu za wateja mia mbili. Laini iliyoachwa hugawiwa mtu mwingine, na wateja wako watampigia yeye.

Kuthibitisha kwamba biashara ni yako zamani kulifanywa kwa kadi iliyotumwa kwa posta, kwa nchi ambayo posta haifiki mlangoni! Siku hizi mara nyingi huombwa video moja isiyokatwa: anza barabarani, onyesha bango na majirani, kisha fungua kufuli mwenyewe, ingia, onyesha vifaa vya kazi na leseni ya biashara ukutani. Mwenye ufunguo ndiye mwenye duka. Ni utaratibu ambao hata mjumbe wa shina angeuelewa.

Maoni ya wateja ndiyo yaliyochunguzwa zaidi na wanazuoni, na yanastahili. Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha mapato ya migahawa ya Seattle, Marekani, na nyota zake kwenye Yelp, tovuti ya maoni ya wateja. Katika utafiti alioutoa mwaka 2011 aligundua kwamba nyota moja zaidi iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Lakini, na hili ndilo la maana kwetu, ongezeko lilikuwa kwa migahawa ya watu binafsi tu. Migahawa ya makampuni yenye matawi kila mahali haikunufaika, kwa kuwa jina lake tayari linamwambia mteja atakachokula. Nyota ni mali ya asiyejulikana. Mama lishe ana sababu kubwa ya kuzijali kuliko hoteli ya kimataifa. Ni kweli Seattle si Temeke, na kwetu utafiti kama huo ungekumbana na biashara nyingi zisizo na hesabu za kulinganisha. Hata hivyo mantiki yake haitegemei nchi.

Palipo na faida hapakosi ulaghai. Luca na Georgios Zervas, katika makala ya mwaka 2016, walikuta kwamba kama asilimia 16 ya maoni kuhusu migahawa ya Boston yalikuwa yamechujwa na Yelp kwa kutiliwa shaka, na kwamba mwelekeo wa kudanganya ulikuwa mkubwa kwa mgahawa wenye jina dhaifu: maoni machache, au lawama mpya. Marekani ilipiga marufuku maoni ya kununua kwa kanuni ya shirikisho ya mwaka 2024. Kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji. Na huhitaji kudanganya. Shida yetu ni kwamba mteja wa Kiswahili husifu kwa mdomo na kunung'unika kwa mdomo. Anakupa mkono, anakuombea dua, anaondoka bila kuandika neno. Mwombe. "Dada, ukipata nafasi niandikie mawili matatu, na kama kuna lililokukera liandike pia." Usimpe soda kwa ajili hiyo, maana zawadi kwa maoni hairuhusiwi. Akikulaumu, mjibu kwa utulivu hadharani siku hiyohiyo. Jibu lile husomwa na wageni mia kabla ya kusomwa naye. Na kabla hujabandika picha ya mteja aliyesukwa vizuri, pata ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwaka 2023 kamishna wa data wa Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu anataka kupatikana. Si kweli, na vitabu vya fani hii, vingi vikiwa vya Marekani na Uingereza, hulisahau jambo hilo. Kuna mfanyabiashara ambaye kupatikana na mteja kunamaanisha pia kupatikana na afisa wa kodi, mgambo wa manispaa na mwenye nyumba anayetaka kupandisha pango. Oktoba 2021 machinga wa Dar es Salaam walihamishwa kutoka pembezoni mwa barabara kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Alama ya ramani haibebeki kichwani kama beseni. Kwa mtu anayehama kwa amri au kwa msimu, anwani yake ya kweli ni namba ya simu na orodha ya watu kwenye WhatsApp. Kwa huyo, wasifu wa Google unaweza kuwa mzigo, na sioni aibu kumwambia aanze na WhatsApp Business. Iliingia sokoni mwaka 2018, ina sehemu ya saa za kazi na orodha ya bidhaa, na haimlazimishi kuweka mahali. Mwanazuoni anayetaka uwanja wa utafiti ambao bado haujakanyagwa sana aanzie hapa: biashara isiyo na mahali inatafutwaje?

Uwanja mwingine ni lugha. Watu huandika "saluni nzuri Mbezi", "salon near me" na "wasusi Mbezi kwa Msuguri", wote wakitaka kitu kimoja. Mtambo unayaoanishaje maneno hayo? Na sasa wameanza kuziuliza programu za akili bandia sentensi nzima, nazo hujibu kwa kukusanya ushahidi uleule wa bango, ramani na maoni, ila zinataja majina machache zaidi na kwa sauti ya uhakika zaidi.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, fanya zoezi hili. Azima simu ya mtu ambaye hajawahi kutafuta biashara yako, kwa kuwa simu yako imeshakuzoea na itakupendelea. Usitafute jina lako. Tafuta huduma unayouza, kwa maneno anayoyatumia mteja na si ya kwenye leseni. Fanya hivyo ukiwa mlangoni pako, kisha kituo cha daladala kilicho karibu, kisha kituo cha pili yake. Kila mahali andika majina matatu ya juu, idadi ya maoni yao, na kama wameandikiwa kuwa wako wazi. Rudia jioni, wenzako wanapokuwa wamefunga. Karatasi hiyo uwe nayo unaposoma, kwani kila sura itakuuliza kitu kilichomo.